Kakuma Iliposogea

Harufu ya oili ya difu haina adabu. Ya injini utaivumilia, hata utaizoea, lakini hii nyingine, nzito, yenye uvundo wa yai viza na mpira ulioungua, ikishakuingia puani hata chai ya maziwa haiiondoi. Juzi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la fundi hapa Lodwar, nikingoja pikapu yangu ivalishwe tairi kubwa zaidi, maana zile ilizokuja nazo zimenichosha kwa kuzama mchangani kila niendapo kuona mbuzi wangu. Gari lililokuwa kando likafunguliwa difu. Harufu ikanipiga, nikajikuta natabasamu peke yangu kama mwehu.

"Madam, uko sawa?" fundi akauliza. Ana kompyuta ndogo anayoichomeka chini ya usukani, na gari linamweleza magonjwa yake yote.

"Niko sawa."

"Hizi tairi ni kubwa, spidi itakuwa inasoma uongo kidogo. Nikurekebishie?"

Nikamwambia aache kwanza, kuna mtu nataka aipime. Alinitazama vile watu hututazama sisi wa umri huu tukianza kusema mambo yasiyoeleweka, akarudi kwa kazi yake. Ningemweleza nini? Kwamba neno lake hilo, uongo, ndilo lililomweka mama yangu mbali na nyumbani karibu muhula mzima?

Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Kwetu mwanamume huitwa kwa jina la fahali wake, yule ampendaye kuliko wote, na humwimbia akiwa amenyoosha mikono juu kufuata mkunjo wa pembe zake. Baba hakuwa na fahali. Alikuwa na lori jeupe, mali ya mfanyabiashara wa Kitale, na watu wakambandika jina la hilo lori: Lokwang', yule mweupe. Alilipokea kwa moyo wote. Kila lilipoanza kupanda ukingo wa laga, mito yetu ile mikavu iliyojaa mchanga, aliliimbia, mkono mmoja usukanini, mwingine umepinda hewani kama pembe, nami nikicheka hadi machozi. Kumsema vibaya Lokwang' ulikuwa huthubutu. Ungesema breki ni mbovu, sawa, hilo ni gonjwa tu. Lakini ukisema Lokwang' ni mvivu, au ni mwongo, ulikuwa umemtukana Baba na ukoo wake.

Mama alikuwa fundi wa cherehani. Alifundisha ushonaji kule Kakuma, wanawake wa kambi ya wakimbizi na wasichana wetu wa mjini pamoja. Jumatatu aliondoka na Baba, Ijumaa walirudi pamoja, na katikati ya juma nililelewa na nyanya yangu, mama yake Baba, huku kwetu Nawoitorong, pembeni mwa Lodwar. Nyanya alikuwa na njia yake ya kupima umbali: alirefusha neno. Sokoni ni kule. Katilu ni kulee. Kakuma ilikuwa kuleeeee, mpaka pumzi imwishie, na mimi nikiisikiliza hiyo sauti ikivutwa nilihisi kabisa mama yangu anazidi kwenda.

Sasa, Mama alikuwa na sharti moja kuhusu magari. Kaka yake alikufa kwenye lori lililopinduka ukingoni mwa laga, dereva akiwa anakimbizana na giza. Kabla hajakubali kuolewa na dereva, tena wa lori, alimwambia Baba kwamba atapanda gari lake, lakini siku mshale wa spidi utakapopita hamsini atashuka. Baba akaapa. Na kiapo hicho alikitunza kweli, hata madereva wenzake walipompita wakimcheka na kumpigia honi. Mama ndani ya lori hakuangalia barabara, aliangalia mshale.

Mimi niliposafiri nao wakati wa likizo nilikaa katikati yao, juu ya kifuniko cha injini kilichochoma makalio hata ukikunja blanketi mara mbili. Kazi yangu ilikuwa moja. Tukitoka Lodwar nilibonyeza kijiti kidogo chini ya spidomita ili namba za kilomita zirudi sifuri, na tukifika Kakuma nilizisoma kwa sauti. Mia na ishirini. Kila safari, mia na ishirini. Nililipenda jibu hilo, nikalichukulia kuwa jina la pili la Kakuma.

Halafu difu ikavunjika. Ilikuwa upande wa Kalemng'orok, lori likiwa limejaa unga kutoka Kitale. Difu ni lile donge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma. Ndani yake kuna meno yanayopokea mzunguko wa injini na kuupeleka kwa magurudumu. Meno yanayofanana na yale ya zamani hayakupatikana popote. Mafundi wakachomoa difu nzima kwenye lori lingine lililokwisha kufa, yenye meno ya namna nyingine, ya mbio zaidi. Mwenye lori naye akaongeza tairi kubwa ili lisizame tena. Baba akarudi nalo Lodwar, Mama akiwa bado Kakuma, nalo limeinuka kama ngamia. Watoto wa mtaa tulilikimbilia tukilipiga makofi ubavuni. Nyanya alilizunguka lote, akalisifu kwa lugha yetu, "Ejok noi! Sasa mtakuwa mnapanda na ngazi?"

Hakuna aliyeiwazia spidomita. Kwa nini tuiwazie? Ilikuwa imekaa mahali pake na mshale wake mwekundu, haikuguswa na mtu.

Ijumaa iliyofuata Baba alirudi peke yake.

"Mama yuko wapi?" nikauliza.

"Amebaki."

"Kwa nini?"

Baba akavua viatu polepole, akavigongagonga kutoa mchanga ambao haukuwemo. "Kakuma ni mbali," akasema.

Hilo ndilo jibu nililopewa, na mtoto akishapewa jibu hulishika hilohilo. Yaliyotokea hasa niliyapata baadaye sana, kwa kutega sikio kwenye mazungumzo ya nyanya yasiyonihusu. Walikuwa hata hawajaiacha Kakuma vizuri, Mama akamwambia Baba apunguze. Baba akasema yuko hamsini. Mama akatazama mshale: kweli, hamsini. Lakini vichaka vilikuwa vinapita dirishani haraka mno, na upepo ulikuwa na mluzi asioujua.

"Hii si hamsini," akasema.

"Si uangalie mwenyewe?"

"Naangalia. Hii si hamsini. Hili lori lako linasema uongo."

Haya basi. Ukamwambie hivyo mwanamume anayeitwa Lokwang'. Baba akafunga breki. Mama akafungua mlango, akateremka na mfuko wake, akaanza kurudi Kakuma kwa miguu. Na Baba, na hasira zake zote, aligeuza lori akamfuata nyuma kwa mwendo wa kinyonga, vumbi kidogo, honi hakuna, hadi akamwona amefika kwenye geti la pale anapolala. Getini Mama akamwambia kwamba atarudi nyumbani siku atakapoambiwa ukweli wa mwendo wa gari. Baba akajibu kwamba yeye hana ukweli mwingine zaidi ya ule ulio kwenye saa ya spidi. Na wote wawili, jameni, walikuwa wanasema kweli tupu.

Utauliza kwa nini hakupanda gari la mtu mwingine. Hayo mengine hata hiyo ahadi ya hamsini hayakuwa nayo.

Ijumaa zikaanza kupita zikiwa tupu. Zamani Ijumaa ilikuwa na harufu yake, ya mafuta ya cherehani na kitambaa kipya, na nilikuwa nalala nimeshika ncha ya leso ya Mama ili asiondoke bila mimi kujua. Sasa nilishika blanketi. Nilimtaka mama yangu hadi tumbo likawa linauma, nyanya akanipa dawa ya minyoo. Nikimuuliza atakuja lini, anasema, "Si umeambiwa Kakuma ni mbali? Ni kuleeeee." Nikawa naichukia Kakuma kwa kuwa mbali, kama vile ilikuwa imekusudia.

Shule zilipofungwa, Baba akaniambia nijiandae, ananipeleka nikamwone. Nilibonyeza kijiti, namba zikarudi sifuri, tukaondoka. Baba hakuwa mtu wa kutazama kilomita. Barabara yeye aliihesabu kwa laga, na siku hiyo hakuimba hata kwenye laga moja. Mikono miwili usukanini, mshale kwenye hamsini kama umegandishwa hapo. Mimi niliangalia namba, maana hakukuwa na kitu kingine cha kuangalia isipokuwa uso wake, na uso wake ulikuwa umefungwa. Tulipoanza kuona mabati ya Kakuma yakimetameta nilizisoma. Nikafumba macho, nikafumbua, nikazisoma tena. Tisini na sita.

"Baba, Kakuma imesogea?"

"Mm," akasema Baba. Mawazo yake yalikuwa yameshatangulia kwenye lile geti.

Hiyo "mm" niliichukua kama kiapo. Fikiria wewe: una miaka minane, umeambiwa mama yako haji kwa sababu ya umbali, na sasa umbali umepungua, umeuona kwa macho yako kwenye saa ambayo haina sababu ya kukudanganya. Wala sikushangaa sana jinsi jambo hilo linavyowezekana. Laga huhama njia zikijaa maji. Mchanga huhama. Watu wetu huhama na mifugo yao, na kambini kila mara walikuwa wanafika watu waliohama kutoka nchi hadi nchi. Kwa nini Kakuma nayo isihame? Kilichonikereketa kujua kilikuwa kitu kimoja tu: inasogea kwa kasi gani, na itafika lini Nawoitorong. Nilijiuliza pia kama wenyeji wake wanahisi ardhi ikitikisika usiku, au wanaamka tu na kukuta mlima umebadilisha upande.

Mama alikuwa kwenye cherehani yake chini ya turubai, wanafunzi wamemzunguka. Alinikumbatia hadi nikakosa pumzi, halafu akanigeuzageuza kama nguo inayotafutwa kasoro.

"Umekuja na lile lori?"

"Ndiyo."

"Mwendo gani?"

"Hamsini. Hata Baba hakuimba."

Akakunja uso. Baba alikuwa amesimama mbali kidogo, anakagua tairi ambayo haikuwa na shida yoyote.

"Usijali, Mama," nikamnong'oneza. "Kakuma inakaribia. Zamani ilikuwa mia na ishirini, leo ni tisini na sita. Ikifika karibu kabisa utarudi, sivyo?"

Mguu wake ukasimama kwenye pedali. Cherehani ikanyamaza. "Rudia. Tisini na ngapi?"

Nikarudia. Nilidhani atafurahi. Badala yake alichukua futi yake ya zamani ya kupimia nguo, akailaza mezani kando ya ile mpya. Ile ya zamani ilikuwa imevutika kwa miaka ya kuzungushwa kwenye viuno vya watu, hata namba zake zilikuwa zimeachana na za mwenzake. Akaanza kuwaeleza wanafunzi, au kujieleza mwenyewe, habari ya mwanamke aliyempima kwa hiyo futi ya zamani kisha akakata kitambaa kwa hii mpya, na gauni likakataa katakata kupita mabegani. Kwani yule mwanamke alinenepa njiani? Futi ndiyo iliyovutika, ikasoma pungufu. "Na kama inapunguza njia," akasema polepole, "basi inapunguza na mwendo." Mimi sikuelewa hata chembe. Nilikuwa nimemletea habari ya Kakuma kusogea, naye ananiambia mambo ya mabega ya mwanamke nisiyemjua.

Wazazi wangu walikuwa hawazungumzi, kwa hivyo nikafanywa posta.

"Mwambie baba yako aje hapa."

"Baba, Mama anasema uje."

"Mwambie niko hapahapa, nasikia."

"Mama, anasikia."

"Muulize barabara ya Lodwar ilikatwa kipande lini, hadi ikawa tisini na sita."

Baba akaiacha ile tairi. Akapanda kwenye lori akaziangalia namba mwenyewe, akakaa mle ndani muda mrefu. Aliposhuka alikuwa na uso wa mtu aliyeletewa habari kwamba fahali wake ameonekana kwenye shamba la watu.

"Mwambie mama yako," akasema, "kwamba Lokwang' si mwongo."

Nilikuwa tayari kufikisha, lakini safari hii Mama hakunisubiri. Alimwendea mwenyewe. "Nilimwita mwongo. Neno hilo nalirudisha," akasema. "Hajadanganya. Mmemvalisha viatu vya mtu mwingine. Yeye anahesabu hatua vilevile alivyozoea, hajui kwamba kila hatua sasa imekuwa ndefu."

Baba akauliza, moja kwa moja, bila kunipitia mimi, "Kwa hivyo siku ile tulikuwa ngapi?"

"Mimi si fundi. Lakini haikuwa hamsini."

"Sitini na kitu," akasema Baba, akipiga hesabu na vidole. "Ijumaa zote hizi. Na leo nimekuja na mtoto." Alinivuta akanibana ubavuni mwake kama vile nilikuwa karibu kuanguka. Sikuwahi kumwona Baba akiogopa kabla ya hapo, na wala sikujua anaogopa nini.

Fundi tuliyempelekea lori alikuwa Mkongomani wa kambini, Papa Bahati, mtu mnene mwenye kicheko kinachotangulia maneno yake. Alijitupa chini ya lori akatoka na kigurudumu kidogo cha meno, kama kifungo cha koti. "Huyu kadogo njo anapeleka habari," akatueleza. "Giaboksi inamuzungusha, yeye anazungusha waya, waya inasukuma mushale na namba. Mulibadirisha difu, mulibadirisha mipira, lakini huyu mukamusahau." Nilikiomba nikishike. Kilikuwa cha moto bado, kinateleza, kinanuka ile harufu. Nikakigeuza na kukigeuza. Sikuamini kwamba kitu cha kutosha kumezwa na mbuzi ndicho kinachoamua Kakuma ikae wapi.

Hapo ndipo wanaume wawili walipoweka vichwa pamoja. Baba akasema tairi zimekuwa kubwa, basi na hiki nacho kiwe kikubwa; mtu akimwongezea fahali majani, humwongezea na maji. Papa Bahati akaona hiyo ni akili safi. Akachakura kwenye karai lake la vyuma hadi akapata kigurudumu chenye meno mengi kuliko kile cha kwanza, wakakifunga. Mama alitaka kusema kitu, nilimwona, lakini akameza maneno yake. Amani ilikuwa bado changa.

Kando ya barabara vilikuwa vimebaki vigingi vya zamani vya kilomita. Baba alinichukua tukaenda kujaribu, kutoka kigingi kimoja hadi kingine ambapo ilitakiwa tusome kumi. Tulisoma saba.

"Imesogea tena!" nikapiga kelele, nikaruka hadi kichwa kikagonga paa. "Baba, hongera! Imesogea tena!"

Baba akanitazama, akaitazama saa, akasema neno ambalo siwezi kuliandika hapa.

Papa Bahati aliposikia alijipiga paji la uso kwa kiganja chenye grisi, akacheka hadi akakaa chini. "Siye bote bajinga!" Akachukua vigurudumu viwili, kikubwa na kidogo, akanionyesha mimi, labda kwa sababu ni mimi peke yangu niliyekuwa na furaha. Akavisugua kwa zamu kwenye kipande cha chuma chenye meno: kile kidogo kilizunguka mbio kama mtoto aliyetumwa dukani, kikubwa kikajikokota. "Unaona? Mwenye meno mingi anazunguka polepole. Tulipaswa kumupunguza, tukamuongeza." Nilivizungusha mimi mwenyewe tena na tena hadi vidole vikawa vyeusi. Hadi leo nikiona meno mawili ya chuma yameshikana, lazima niyazungushe. Mume wangu aliwahi kunikuta nimefungua saa ya ukutani bila sababu yoyote.

Mara hii hawakubahatisha. Mama alichora alama ya chaki kwenye tairi na nyingine chini, lori likasukumwa hadi tairi ikazunguka mara moja kamili, akapima kwa futi mpya. Wakapiga hesabu kwa chaki ubavuni mwa Lokwang', Mama anaandika, Papa Bahati anabisha, Baba ameshika chaki ya akiba. Kikapatikana kigurudumu cha meno machache. Tukarudi kwenye vigingi. Baba aliendesha kimya, mimi nikaanza kuona mambo yakiharibika: namba zilikuwa zinakimbia. Sita, saba, nane, hazisimami. Kwenye kigingi zikasoma kumi barabara, na Baba akapiga usukani kwa furaha.

Nilipiga hesabu yangu. Ilikuwa rahisi: kumi ikirudi kuwa kumi, Kakuma nayo inarudi kulekule ilikokuwa. Mia na ishirini.

Tuliporudi nilishuka nikilia, tena si kilio cha kudeka. Nilimshika Papa Bahati ovaroli yake nikamwomba arudishe kile kigurudumu kingine.

"Wewe, unalia nini?" Mama akauliza.

"Mmeirudisha Kakuma mbali! Ilikuwa inakuja! Sasa hutarudi tena!"

Papa Bahati akabaki na spana hewani. Mama akachuchumaa. "Nani amekuambia sirudi kwa sababu Kakuma ni mbali?"

Nikamtazama Baba. Mama akamtazama Baba. Baba akaitazama tairi. Nadhani hakuna tairi iliyowahi kukaguliwa kama ile. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, "Ni mimi. Sikujua nimwambie nini."

Mama alichukua ncha ya leso yake akanifuta uso wote, machozi, kamasi na grisi kwa pamoja. "Kakuma haitasogea, mwanangu," akasema. "Ni mimi nitasogea." Akaenda kuchukua mfuko wake.

Alipanda, akateremsha kioo kidogo, akafumba macho. Baba akapandisha mshale taratibu hadi hamsini akaushikilia hapo. Lori lilionekana kama linatembea kwa miguu. Mama akasikiliza, na mimi nikamsikiliza akisikiliza. "Haya," akasema mwishowe. "Hii ndiyo hamsini." Tulipofika laga ya kwanza Baba akaanza kuimba, mkono mmoja juu, umepinda kama pembe.

"Mikono miwili," Mama akamwambia, macho bado amefumba.

Mimi nilikaa juu ya kifuniko changu nikizichukia namba. Zilipofika tisini na sita nilinyanyuka nione Lodwar, na hapakuwa na Lodwar, ni vichaka tu na mchanga. Tulifika jua likiwa linazama. Nyanya akatoka, akamwona Mama. Alisema tu, "Chai iko jikoni." Nililala nimeshika ncha ya leso, na kabla usingizi haujanichukua nilikuwa nimeshapata maelezo yangu: Mama ameona fundi anaisukuma Kakuma irudi ilikotoka, akaogopa itazidi kwenda, akakimbilia nyumbani mapema. Niliamini hivyo kwa miaka. Sijui kama ni upumbavu. Mpaka sasa nikiyatazama maelezo hayo naona hayajapungukiwa sana.

Baba hatunaye tena, na Lokwang' aliuzwa vyuma chakavu, kipande kwa kipande. Barabara ya Kakuma imewekwa lami. Nyanya angekuwa hai angelazimika kufupisha neno lake, maana siku hizi unakunywa chai Lodwar na kabla hujasikia njaa umefika. Mama ninaishi naye hapa Nawoitorong. Macho yamemzibika kwa mtoto wa jicho. Anaona mwanga na kivuli, basi. Mshale wa spidomita hawezi kuuona hata umwekee puani.

Nilipotoka kwa yule fundi nilimpitia nyumbani nikamwambia twende tukapunge upepo kidogo. Nilimfunga mkanda, tukashika njia ya Kakuma, tairi mpya zikivuma. Nikapandisha hadi hamsini nikatulia hapo. Mama akapapasa mlangoni hadi akapata kitufe, akashusha kioo kidogo.

"Hii si hamsini," akasema.

"Inasoma hamsini, Mama."

Nikajisikia. Wallahi ilikuwa sauti ya Baba, na kile kiburi chake cha kuonewa. Nilikuwa nimechukia kweli. Pikapu yangu isingiziwe uongo! Nikafunga mdomo.

"Punguza."

Nikapunguza.

"Bado."

Nikapunguza tena.

"Haya. Hapo."

Mshale ulikuwa arobaini na tano. Nikageuza gari pale penye nafasi, tukaanza kurudi, upepo ukiingia kwa ile nafasi ndogo ya kioo na kumpeperushia leso.

"Baba yako angenibishia," akasema.

"Angebisha sana."

"Angebisha hadi nishuke." Alikuwa amegeuzia uso barabara asiyoiona. "Halafu angegeuza lori, anifuate polepole hadi nifike."

Sikuugusa ule mshale tena. Niliuacha hapohapo, arobaini na tano, hadi nyumbani.